Je, Asiyeshinda Hata Mara Moja Amefanya Kazi Bure?

Kuna neno moja linalosemwa sana kati ya watu, wakubwa kwa wadogo: kwamba kazi inapimwa kwa faida yake. Aliyefaulu tunamsifu. Aliyeshindwa tunamhurumia mara ya kwanza, tunamcheka mara ya pili, na mara ya tatu tunamsahau kabisa. Lakini ni mara chache tunajiuliza kama kipimo hicho ni cha haki. Leo tunataka kukipima kipimo chenyewe. Na ili tusiseme maneno matupu, tutatazama maisha ya mtu mmoja wa Marekani, ambaye kazi yake ilikuwa kushindana kwa motokari, naye akashindana miaka 28 katika mashindano makubwa ya nchi yake bila kushinda hata mara moja.

Mtu huyo aliitwa J. D. McDuffie. Alizaliwa mwaka 1938 katika jimbo la North Carolina, upande wa kusini wa Marekani.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, kwa kuwa wengi wetu hatujauona. Mashindano hayo yanasimamiwa na chama kinachoitwa NASCAR, ambacho Bill France na wenzake walikianzisha huko Daytona Beach mwaka 1948. Hapo mwanzo motokari zilikuwa zile zile ambazo kila mtu aliweza kuzinunua kwa mfanyabiashara. Baadaye ilibaki sura ya nje tu, na ndani kila chuma kikawa kimetengenezwa kwa ajili ya mbio. Motokari 30 au 40 zinaanza pamoja na kuizunguka barabara moja, mara nyingi zaidi ya 100, hata 500. Anayemaliza wa kwanza ndiye mshindi, na wengine wanapata feza kidogo kidogo kadiri ya nafasi zao, hata yule wa mwisho. Kuna mashindano ya daraja la juu, na kuna ya madaraja ya chini. Lakini hata ndani ya daraja la juu kuna watu wa mbele na watu wa mkiani. McDuffie alikuwa mtu wa mkiani.

Maisha ya shofere wa mkiani

Kushindana kwa motokari si kukanyaga esansi tu. Ni feza. Shofere aliyesaidiwa na kiwanda alipata moteri mpya, mafundi wengi, na mipira mipya kila mara aliposimama. Richard Petty, ambaye Wamarekani walimwita Mfalme, alisaidiwa miaka mingi na kiwanda cha Plymouth, akashinda mara 200. Katika mwaka 1967 peke yake alishinda mara 27.

McDuffie na wenzake waliojitegemea hawakuwa na kiwanda nyuma yao. Walitengeneza motokari zao kwa mikono yao wenyewe, wakisaidiwa na jamaa na marafiki. Mara nyingine walinunua mipira iliyokwisha kutumiwa na matajiri. Walijua kwamba moteri ikivunjika hakuna nyingine nyumbani, na kwa hiyo hawakuweza kuitesa kama wengine walivyotesa zao. Waliendesha kwa kuhesabu: kufika mwisho, kupata feza ya nafasi ya 15 au ya 20, kulipa madeni, na juma lililofuata kwenda tena mahali pengine.

McDuffie alianza mashindano ya daraja la juu mwaka 1963, huko Myrtle Beach katika jimbo la South Carolina. Tangu siku ile hata mwisho wake alianza mbio 653. Mara 106 alikuwa kati ya watu 10 wa kwanza. Nafasi yake nzuri kuliko zote ilikuwa ya tatu, mwaka 1971, huko Malta katika jimbo la New York. Siku moja tu alipewa nafasi ya mbele ya wote wakati wa kuanza, kwa kuwa katika majaribio alikuwa na mbio kuliko wote. Ilikuwa huko Dover, mwezi wa tisa wa mwaka 1978. Watu walistaajabu. Kumbe moteri yake haikuweza kuvumilia njia ile ndefu ya kilometa 800, ikaharibika, naye akatoka barabarani wakati wenzake wanaendelea.

Mwaka 1988, huko Daytona, moto ulimchoma vibaya. Akapona, akarudi. Miaka ile ya mwisho motokari za matajiri zilikuwa zimemwacha mbali sana, hata mara nyingi hakupata nafasi ya kuanza. Lakini aliendelea. Tarehe 11 ya mwezi wa nane mwaka 1991, huko Watkins Glen katika jimbo la New York, katika mzunguko wa 5, gurudumu la mbele likaachana na motokari yake penye kona kali. Motokari ikatoka barabarani, ikagonga kizuizi, ikapinduka. McDuffie akafa pale pale. Alikuwa na miaka 52.

Shofere aliyetoka barabarani pamoja naye aliitwa Jimmy Means. Yeye aliokoka, akatoka katika motokari yake, akamkimbilia mwenzake. Alipomtazama tu, akaanza kupunga mikono kwa nguvu ili waganga waje upesi. Na huyo Means vilevile alikuwa mtu wa mkiani: katika maisha yake alianza mbio 455, wala hakushinda hata moja.

Basi, ndugu, tuulize sasa: mtu huyu alifanya kazi bure?

Makusudi mawili

Wahenga walisema kwamba mvumilivu hula mbivu. McDuffie alivumilia miaka 28, wala mbivu hakuzila. Tusiseme basi kwamba mezali ni ya uongo. Tuseme tu kwamba haituahidi kila tunda la kila mti. Ni lazima tufikiri zaidi.

Walimu wa falsafa tangu zamani wametenga vitu viwili: kusudi la kazi yenyewe, na kusudi la mtenda kazi. Kusudi la kujenga ni nyumba isimame. Lakini mjenzi aweza kuwa na kusudi la kulisha watoto wake, au la kupata sifa, au la kumfaa rafiki. Tukichanganya makusudi hayo mawili, tutahukumu vibaya.

Kusudi la mbio ni nini? Wengi watajibu: kushinda. Lakini sivyo. Kushinda ni jambo la mtu mmoja, na mbio ni za wote. Mbio zimewekwa ili swali moja lijibiwe: leo, katika barabara hii, nani ana mbio kuliko wote? Na swali hilo halijibiwi na mtu mmoja. Mtu akizunguka peke yake mara 500, hata akienda kama mshale, hajamshinda mtu. Ni wale waliobaki nyuma, kama kweli walijitahidi, wanaolijaza jina la mshindi. Wakiondoka wote, yeye amebaki mtu anayezungukazunguka tu. Kwa hiyo mtu wa nafasi ya 20 hakulikosa kusudi la mbio. Amelitimiza pamoja na wengine, kwa kuwa jibu limetoka kwa jasho lake pia.

Tena tufanye hesabu kidogo. Mfalme Petty mwenyewe alianza mbio 1184 katika maisha yake. Alishinda 200. Maana yake, hata yeye alishindwa mara 984. Kama kutoshinda ni kufanya kazi bure, basi hata huyo aliyeshinda kuliko wote alipoteza bure sehemu kubwa ya siku zake. Fikira inayotufikisha hapo haiwezi kuwa ya kweli. Wahenga walisema vizuri zaidi: asiyekubali kushindwa si mshindani. Anayeingia mbioni amekwisha kukubali kwamba pengine atashindwa. Asipokubali hilo, anataka sifa ya mshindani bila mashindano yenyewe.

Na kusudi la mtenda kazi? Hatuwezi kuingia katika moyo wa McDuffie. Lakini mtu anajulikana kwa matendo yake. Hakuna anayerudi mara 653 mahali anapopachukia. Ilikuwa kazi aliyoijua, iliyompa mkate, na aliyoipenda kwa kweli. Aliyepata mambo hayo matatu katika kazi moja hakupata kidogo.

Kushindwa kwa kweli, na kushindwa kwa hila

Lakini tujihazari. Mtu mvivu akisoma maneno haya aweza kufurahi na kusema: "Basi kushindwa si kitu, mimi nami nitakaa mkiani bila kujisumbua." La. Si kila kushindwa kunastahili heshima.

Mchezo ule ule unatupa mfano. Karibu na mwaka 2010 ilikuwako desturi moja katika mashindano yale. Yule wa mwisho wa daraja la juu alilipwa makumi ya maelfu ya dola, na mipira, moteri na mafundi wa siku nzima vilikuwa na bei kali. Basi watu wengine wakahesabu hivi: wakianza mbio, wakazunguka mara chache, kisha wakatoka na kusema kwamba freni au moteri ina taabu, watapokea feza ya mwisho, wala hawataharibu kitu. Wakafanya hivyo juma kwa juma.

Je, walikuwa wezi? Wengine walisema ndiyo. Sisi tunaona ni lazima kutenga. Sheria za mchezo hazikuwakataza kutoka mapema, na waliowalipa walijua mambo hayo. Tena kulikuwa na wenye motokari waliofanya hivyo wakati wa umaskini tu, ili feza ile iwawezeshe kukimbia kwa kweli siku nyingine. Huo si wizi. Lakini hatuwezi kuuita kazi njema, kwa kuwa aliyesema moteri ina taabu, nayo haina, amesema uongo; na aliyechukua nafasi katika mbio bila nia ya kukimbia amemzuia mwingine aliyekuwa na nia hiyo. Alikuwa na sura ya mshindani, lakini ushindani haukuwamo.

Tukiwatazama kwa macho tu, McDuffie na watu wale wanafanana: wote wamo mwishoni mwa orodha. Lakini mbele ya zamiri wako mbali kama mashariki na magaribi. Mmoja alitoka kwa sababu moteri ilikufa. Mwingine alitoka kwa sababu hesabu imetimia. Orodha haiwezi kutuonyesha tofauti hiyo, nayo ndiyo inayoamua yote. Mwalimu mwenye wanafunzi wachache waliofaulu, na mwalimu aliyekaa kitini akingoja mshahara, wataandikwa pamoja katika taarifa ya mwaka. Lakini mmoja amefundisha, na mwingine hakufundisha.

Uvumilivu na ukaidi

Sasa tuje kwenye swali gumu kuliko yote. Mtu huyu alikuwa na mke na watoto. Alikwisha kuchomwa moto. Alijua kwamba motokari yake si sawa na za wengine. Je, haikuwa lazima aache? Uvumilivu ukipita mpaka wake unageuka ukaidi, na mkaidi hadhulumu nafsi yake tu, anawazulumu na wale wanaomtegemea.

Tusijibu kwa haraka. Hatari peke yake haiifanyi kazi kuwa mbaya. Mvuvi anaingia ziwani akijua kwamba upepo waweza kuvuma. Mchimba madini anashuka chini ya ardhi. Mganga anamgusa mgonjwa wa ugonjwa wa kuambukiza. Hatuwaiti wakaidi. Lakini wote wanapaswa kujiuliza mambo matatu. La kwanza: kitu ninachotafuta kinalingana na hatari ninayoingia? La pili: nimefanya yote niwezayo ili kuipunguza? La tatu: wanaonitegemea watakuwa namna gani nisiporudi?

Hapo ndipo tunapoona kwamba shofere wa mbio hawezi kusimama sawa na mganga. Mganga anaokoa uhai. Shofere anafurahisha watu na kupata mkate wake. Kwa hiyo mpaka wake uko karibu zaidi, na kadiri umri unavyozidi na motokari inavyochakaa, mpaka huo unamkaribia. Tunasema wazi: mtu hana lazima ya kuendelea mpaka kifo ili aonyeshe kwamba ni mwaminifu. Kuacha kwa wakati wake ni uaminifu pia. Jimmy Means alikaa barabarani hata mwaka 1993, kisha akaacha kuendesha, akawa mwenye timu, akiwapa wengine motokari za kushindania. Hakuwa mtu mdogo kwa sababu hiyo.

Je, McDuffie alipita mpaka? Hatuna haki ya kumhukumu. Gurudumu linaweza kumtoka hata tajiri. Tunamchukua kuwa mfano wa swali, si mshitakiwa. Lakini kila msomaji mwenye kazi ya hatari ajiulize yale mambo matatu angali mzima, kwa kuwa siku ya ajali hakuna nafasi ya kuuliza.

Deni la walio mbele

Liko jambo jingine, nalo haliwahusu walio mkiani, bali wale walio mbele na wale wanaotazama. Ikiwa mshindi anaupata ushindi wake kwa sababu ya walioshindwa, basi wana deni kwao. Deni hilo ni kuzitunza roho zao sawasawa na roho ya mshindi.

Baada ya kifo cha McDuffie, wakuu wa Watkins Glen walibadili njia: mwaka 1992 waliweka vikona vya kupunguza mbio kabla ya kona ile mbaya. Ni vizuri. Tangu siku hiyo kila shofere, wa mbele na wa nyuma, anapita pale kwa usalama zaidi.

Lakini tutazame lililofuata baadaye. Mwaka 2000 walikufa mashofere watatu wa mashindano ya NASCAR: Adam Petty, mjukuu wa yule Mfalme, mwezi wa tano, Kenny Irwin, mwezi wa saba, na Tony Roper, wa daraja la chini la motokari za mizigo, mwezi wa kumi. Wakati ule kifaa cha kushika kichwa na shingo kilikuwa kimekwisha kuvumbuliwa, lakini hakuna aliyelazimishwa kukivaa. Kisha tarehe 18 ya mwezi wa pili mwaka 2001 akafa huko Daytona Dale Earnhardt, aliyeshinda mara 76 na kuwa bingwa wa mwaka mara 7. Hapo nchi nzima ikalia. Na mwezi wa kumi wa mwaka ule ule kifaa hicho kikawa amri kwa wote wa daraja la juu.

Hatusemi kwamba wakuu wale walikuwa na moyo mbaya. Tunasema kwamba ndivyo sisi watu tulivyo: sikio letu linamsikia mkubwa kwanza. Vifo vitatu havikutosha. Cha nne kilitosha, kwa sababu kilikuwa cha mtu maarufu. Lakini shingo ya mtu aliyeshinda mara 76 na shingo ya mtu asiyeshinda hata mara moja ni mifupa ile ile, na machozi ya wajane wao yana chumvi ile ile. Popote panapokuwa na wa mbele na wa nyuma, katika kiwanda, katika shule, katika ofisi, wakubwa wajiulize: hatari hii tutaiondoa leo, inapowaumiza wadogo, au tutangoja impate mkubwa?

Ushindi wa usiku wa mwisho

Tumeacha jambo moja kwa makusudi, ili tulitaje mwishoni. Usiku wa mwisho kabla ya kifo chake, McDuffie aliingia katika mashindano madogo huko Owego, si mbali na Watkins Glen, katika barabara iitwayo Shangri-La. Akashinda.

Wengi wanaosimulia habari zake wanapenda kumalizia hapo. Wanasema: "Tazama, alishinda kabla ya kufa, basi miaka yake haikuwa bure." Tunaelewa furaha yao, lakini hatuwezi kukubali sababu yao. Kama ushindi ule mdogo ndio ulioziokoa mbio 653, basi tumerudi kule kule tulikotoka: tumekubali kwamba bila ushindi hakuna kitu. Na Jimmy Means je? Na wale wengi ambao hakuna usiku wa namna hiyo uliowafikia? Tutawaambia wamepoteza siku zao?

La. Tuseme hivi: ushindi wa Owego ulikuwa furaha yake, na tunafurahi kwamba aliupata. Lakini haukuwa malipo ya deni, kwa kuwa hakuna deni lililokuwako. Kazi yake ilikuwa na uzito wake tangu mwaka 1963, siku kwa siku, kila mara alipoitengeneza motokari yake kwa uangalifu na kuanza mbio akiwa na nia ya kukimbia.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa wewe ni mtu wa mkiani katika kazi yako, usijizarau, bali ujichungue: unajitahidi kwa kweli, au umeweka sura tu? Ukiwa na watu wanaokutegemea, ujue mpaka wako kabla hujaufikia. Na ukiwa mtu wa mbele, geuka utazame nyuma, uwahesabu wale wanaokufuata. Bila wao, usingalijua kwamba wewe uko mbele.